Milio Mitatu Mirefu

Nyumba ya Pampu
3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua chako vipi, bado kinakusumbua kwa kukaa kutwa kwenye baridi ya mashine? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Amekushonea shati, ila anasema hakumbuki tena mabega yako yaliishia wapi, kwa hiyo ameacha kitambaa cha ziada pembeni. Ukija atamalizia. Goti lake linauma kila mvua inapokaribia, na siku hizi mvua haiachi kukaribia, basi goti ndilo limekuwa redio ya nyumba.

Barua hii nimeichomeka ndani ya daftari la vipimo kama kawaida yetu, isafiri na mfuko wa serikali mpaka ofisini kwenu. Safari hii usiitoe barua ukaliacha daftari. Lisome. Baba aliisoma nguzo ya mto miaka ishirini na sita, na katika madaftari yake yote maji yaligusa mstari mwekundu mara tatu. Mimi nina miaka kumi na minne kazini. Yameugusa mara kumi na moja, na saba kati ya hizo ni tangu mwaka juzi. Nguzo ni ile ile. Kilichobadilika ni mbingu. Joto linapanda mwaka hadi mwaka, mvua ya miezi miwili inamwagwa kwa siku nne, na mto unaibeba yote kuja kwetu.

Tuta linalotukinga lina ufa unaomeza mguu wangu hadi gotini. Mpango wa Mto, ule wa kuinua tuta na kuwahamishia watu wa Mtaa wa Chini kilimani, uko wizarani kwenu mwaka wa tatu sasa unangoja saini moja. Wewe ndiye mwandishi wa kumbukumbu za vikao vya waziri. Unakaa hatua nne kutoka kwenye kalamu yake. Mkumbushe.

Jana nilikijaribu king'ora, kama kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Nilikizungusha hadi bega likalia: milio mitatu mirefu. Unakumbuka tulivyofundishwa. Milio mitatu, acha ulichoshika, panda kilimani shuleni. Dakika kumi na mbili mtaa mzima ulikuwa juu. Mama na goti lake alimpita fundi viatu njiani, na tangu jana anamuuliza kama viatu anavyovaa ni vya kukalia.

Dada yako


Wizarani
14 Machi

Dada, shikamoo.

Barua na daftari vimefika, vyote vikavu, nashukuru. Kifua kinanikohoza asubuhi tu. Mwambie Mama mabega hayajaenda popote, ni tumbo ndilo limehama.

Daftari nimelisoma, nikaligonga mhuri, na Mpango wa Mto nikauweka kwenye ajenda ya Jumatatu. Namba saba. Usinune. Namba sita za juu yake zilikuwa ndogo ndogo, nikajua tutafika. Namba moja ilikuwa: nani akae kulia kwa waziri.

Dada, hatukufika namba mbili. Asubuhi hiyo Mkubwa wa nchi alikuwa amemfukuza Naibu wake, na nusu ya waliokuwa mezani ni watu wa Naibu. Katibu mkuu akawaambia wafungashe. Mkurugenzi wa maji, yule mnene mpole ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia sauti hata nzi, akanyanyua jagi la kioo na kumpasua nalo katibu mkuu usoni. Niliisikia pua ikivunjika. Damu iliruka mpaka kwenye karatasi zangu, ukurasa wa namba saba ukalowa, nimeuandika upya. Walinzi wakamburuta mkurugenzi kwa miguu, orofa tatu, kichwa kikigonga kila ngazi. Nilijikuta nahesabu.

Kwenye kumbukumbu niliandika: "Kikao kiliahirishwa kutokana na tofauti za kimtazamo." Ndiyo kazi yangu, Dada. Kufuta damu kwa sarufi.

Jana tumepewa waziri mpya. Anataka aelezwe kila kitu tangu mwanzo. Mpango wa Mto una kurasa mia mbili na kumi na anasoma taratibu, mdomo ukicheza. Kawia ufike.

Mdogo wako


Nyumba ya Pampu
28 Machi

Mdogo wangu,

Uzima upo? Sisi tupo, kwa maana ya kupumua. Mama anaomba usitembee tena karibu na watu wanaoshika majagi.

"Kawia ufike" ni methali ya mtu anayekwenda kwa miguu. Kamwambie waziri wako kwamba mto hausomi kurasa mia mbili na kumi. Wanasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Huku nyasi zimeshafunikwa na maji, na fahali wenu bado wanatafutana pembe.

Sasa sikiliza lililotokea Jumanne. Walikuja askari, kiongozi wao afande mmoja ambaye mtaa umempa jina la Miwani, kwa kuwa haivui hata akiwa gizani. Wakachukua malori yote matatu yaliyokuwa yakimwaga mawe kwenye tuta, na tingatinga juu yake. Mawe yanakwenda mjini kuzungushiwa ikulu. Mawe yetu! Tumeyangoja miaka miwili, tukayapata nusu, na hiyo nusu inakwenda kumkinga Mkubwa dhidi ya mtu aliyekuwa akila naye meza moja hadi mwanzoni mwa mwezi huu.

Msimamizi wa tuta alilala chali mbele ya lori la kwanza. Unamkumbuka, ndiye aliyekufundisha kuogelea. Alidhani hawataendesha. Waliendesha. Lilimpita mapajani, mizigo na yote, na la pili likafuata kwa kuwa dereva wa la pili alikuwa amefumba macho. Tulimbeba juu ya ubao. Aliishi siku mbili, anapiga kelele mpaka sauti ikamwisha, kisha anapiga kelele bila sauti. Tumemzika juzi.

Nimewawaza sana waheshimiwa wako. Ingekuwa wanatuchukia ningewaelewa, chuki ina macho. Hawa hawana nafasi tu. Kiti kimoja kikitikisika nchini, wote wanakitazama kiti, hakuna anayegeuka dirishani kuona nje kunafanya nini. Na mbingu haitikisiki kwa ajili ya kiti cha mtu.

Ufa sasa unaingiza mguu na paja.

Dada yako


Wizarani
9 Aprili

Dada, shikamoo.

Poleni sana kwa msimamizi. Nilikaa na barua yako chooni nusu saa nikalia huko, maana siku hizi kulia hadharani nako kuna upande.

Najua simu zimekatika na kwenu. Mtandao wameuzima tangu Jumapili, na mfuko wa serikali hausafiri tena. Barua hii naituma na dereva wa lori la chumvi. Anasema atapita kwenu kila wiki Mungu akipenda na vizuizi vikipenda.

Mjini pameharibika. Wanajeshi wa Naibu wameshika mtaa wa mahakama, wa Mkubwa wameshika uliobaki. Waziri yule wa kusoma taratibu alifika ukurasa wa arobaini. Watu wa Naibu wakachoma gari lake mbele ya lango letu, yeye akatoka, dereva wake akabaki, mlango wa upande wake uligoma. Tulikuwa dirishani orofa ya tatu, tunamwona akigonga kioo kwa viganja vyote viwili. Walinzi walikuwa na ndoo za maji. Hakuna aliyewapa amri.

Sasa tuna waziri wa tatu, na ninaandika pia kumbukumbu za kamati ya usalama, kwa sababu mwandishi wao ametoroka. Hapo ndipo nina jambo la kukwambia, na nadhani utafurahi. Juzi walikuwa wanabishana: kafyu imetangazwa nchi nzima, ila simu zimezimwa, magari ya vipaza sauti yanapigwa mawe, watu wataambiwaje saa ya kuingia ndani? Walizunguka kama mbuzi kwenye kamba saa mbili nzima. Nikanyoosha mkono, Dada. Miaka tisa nimekaa vikaoni sijawahi kufungua mdomo. Nikasema: miji yote ya mtoni ina ving'ora vya mafuriko. Nikawapa orodha, na maelekezo kutoka kwenye jalada lenu: milio mitatu mirefu, husikika mtaa mzima. Waziri akasema, "Huyu kijana ana akili." Kijana! Namzidi miaka sita.

Usifikiri nilikusahau. Niliona hivi: king'ora kikiwa cha usalama, kitapata ulinzi, grisi, mlinzi wa kukitunza. Huenda na tuta likakumbukwa kwa mgongo wake.

Mdogo wako


Nyumba ya Pampu
19 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mwishoni nikikumbuka.

Mdomo huponza kichwa, lakini wa kwako umeponza vichwa vya wenzio. Umefanya nini wewe? Miwani ameketi hapa hapa nyumba ya pampu na amri yenye mhuri wenu. Kila siku saa kumi na moja jioni, na saa yoyote nyingine akitaka, askari wake wanazungusha king'ora changu. Milio mitatu mirefu. Atakayeonekana nje baada ya mlio wa tatu apigwe risasi.

Siku ya kwanza unajua watu walifanya nini? Walifanya nilichowafundisha. Waliacha walichoshika wakapanda kilimani shuleni, mbio, wanacheka, wanafikiri najaribu tena. Askari walikuwa wamejipanga getini. Walikufa tisa. Mwalimu wa hesabu alipigwa shingoni akiwa ameinua mikono. Fundi viatu alirudi kumfuata mkewe aliyeanguka, wakamwangusha juu yake. Mama alinusurika kwa kuwa goti lilimchelewesha.

Mtaa umejifunza upesi. Sasa king'ora kikianza tu, kila mtu mbio ndani, komeo, taa, chini ya kitanda. Mwokaji alitoka mara moja kuokoa mikate iliyokuwa inaungua tanurini. Wakampiga mlangoni kwake, mikate ikaungua hivyo hivyo, mtaa mzima ukanuka mkate na hatukuweza kutoka kumfunika.

Kuna baya zaidi. Wakimtafuta mtu wa Naibu, wanamkamata jirani yake, wanamwekea bunduki kisogoni, wanamwambia: gonga, mwite kwa sauti yako. Wamefungua wanne hivyo, wote wamekufa vizingitini. Kwa hiyo hakuna anayeifungulia mlango sauti yoyote. Mama ameniapia: "Hata wewe ukiniita nje na king'ora kimeshalia, sifungui. Nitajua wamekushika."

Unaelewa hesabu yake, au nikuchoree? Maji yako mstari mwekundu kwa siku ya tano. Yakivunja tuta, nitazungusha king'ora, na watu wangu watakimbia ndani, Mtaa wa Chini, chini ya mto, na kujifungia.

Sikuombi tuta tena. Sikuombi Mpango. Nakuomba mstari mmoja: kafyu iwe mlio mmoja mfupi, milio mitatu ibaki ya mto. Miwani anasema amri imeandikwa mitatu na yeye si mshairi wa kubadili vina. Wewe uliyetia neno, kalitoe.

Wakati nangoja, natembea mchana nyumba kwa nyumba, kimya kimya, nikiwaambia: ukisikia milio mitatu kisha ukasikia chuma kikigongwa juu ya chuma, ni mto, toka. Nimefika nyumba sita.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Dada yako


Wizarani
27 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimekuta mimi ndiye niliyeiandika hiyo amri. Sina la kujitetea.

Lakini tulia, jambo lako limekwisha kushughulikiwa. Nililiweka kwenye Mengineyo. Waziri amelikubali. Amri mpya inachapwa: kafyu mlio mmoja mfupi, mto milio mitatu mirefu. Itafika kwa Miwani ndani ya siku chache. Kwa hiyo nakusihi, acha kutembea nyumba kwa nyumba. Mtu anayefundisha watu ishara za siri wakati huu watamwita mwasi, na nimeona wanachowafanya waasi, kipo kwenye ua wa nyuma wa jengo hili, kimefunikwa turubai. Nina dada mmoja na mama mmoja. Kaa ndani, ngoja amri. Mwambie na Mama angoje.

Naandika haraka, dereva ameshawasha lori, niwie radhi kwa mwandiko.

Mdogo wako


Nyumba ya Pampu
4 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimefika nyumba ya kumi na moja pale Miwani aliponikuta kizingitini na kipande cha reli mkononi. Akauliza cha nini. Nikasema cha kuua panya. Akaniwekea mkono wa kulia juu ya ngazi na kuugonga kwa kitako cha bunduki, mara nne, taratibu, kama mtu anayetwanga. Vidole vitatu havirudi. Akasema, "Sasa waue."

Barua yako ilifika kesho yake. Nilimsomea Mama, yeye peke yake, kwa sauti ya chini. Alilia, akacheka, akanifanya niisome tena pale ulipoandika waziri amekubali. "Unaona? Kitindamimba wangu amesema tungoje." Kisha akanishika mkono huu mzima: "Basi hilo chuma lako lisahau. Sitaki kulisikia. Mpaka amri ya mwanangu ifike, king'ora kikilia tunalala chini kama wenzetu."

Nimekubali. Zimebaki nyumba mia na zaidi, lakini amri ikifika itazifikia zote kwa siku moja, jambo ambalo mimi na mkono mmoja siwezi. Nilikutukana katika barua iliyopita. Nisamehe. Wewe peke yako katika jengo lile umegeuka kutazama dirishani.

Maji yamepita mstari mwekundu. Juu yake nguzo haina mstari, nimekadiria kwa kiganja.

Salamu zako za wiki zote mbili ndizo hizi.

Dada yako


Wizarani
16 Mei

Dada,

Uko wapi? Dereva wa lori la chumvi amerudi na barua mbili nilizokuandikia, hazijafunguliwa. Anasema daraja la juu halipo na barabara inaishia kwenye maji. Akakataa kuniambia zaidi. Alinitazama shati, si usoni.

Redio haijasema neno. Tangu tarehe tisa inarudia jambo moja: Mkubwa na Naibu wamepatana. Walipeana mikono asubuhi ile saa nne, kulikuwa na keki. Naibu amerudi kitini kwake. Mkurugenzi wa jagi ametolewa jela na kufanywa waziri wetu, wa nne, na katibu mkuu mwenye pua ya kupinda anamfungulia mlango. Mawe ya tuta bado yamezunguka ikulu, wameyapaka chokaa, yanapendeza.

Dada, lazima niseme sasa maana sijui kama nitapata tena wa kumwambia. Waziri hakukubali. Niliposoma mstari wako kwenye Mengineyo, mkuu wa usalama aliuliza ni nani anayetaka kubadili ishara za serikali katikati ya vita, na anamwashiria nani. Alikuja nyuma ya kiti changu. Aliniingiza mdomo wa bastola sikioni, akausukuma mpaka nikasikia kitu kikichanika ndani, akasema, "Mwandishi, hilo uliandika au ulikosea?" Nikasema nilikosea. Akanipa kalamu niufute mstari mwenyewe. Nikaufuta. Sikio hilo halisikii tena.

Nilikudanganya ili uache kutembea na chuma. Nilitaka ukae ndani, uishi. Nilifikiri nitajaribu tena kikao kinachofuata, na kinachofuata. Nilifikiri mto utanipa wiki mbili.

Mama yuko wapi? Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako


Kilimani, Shuleni
29 Mei

Barua yako imefika. Dereva aliliacha lori ng'ambo akavuka kwa kamba, bahasha kaiuma kwa meno.

Umeuliza Mama yuko wapi. Nitakujibu kwa mpangilio, kama kumbukumbu.

Ilikuwa tarehe tisa, saa nne kasoro, siku ya soko. Niliona mbao zikipita mtoni zimepakwa rangi nyekundu upande mmoja, nikajua daraja la juu limekwenda na ukuta wa maji uko nyuma yake. Nusu saa, ikizidi. Nikapanda juu ya paa. Askari wawili wa zamu nao walikuwa wameziona mbao, wakatupa bunduki wakakimbilia mlimani bila kunipa hata salamu. Nikazungusha king'ora kwa mkono wa kushoto na kifua. Ningefanya nini? Kilikuwa ndicho sauti pekee niliyonayo.

Nilitazama soko kutoka juu. Walikimbia vizuri, kwa nidhamu. Risasi za mwezi mzima zilikuwa zimewafundisha vyema kuliko mimi kwa miaka kumi na minne. Hakuna hata mmoja aliyepanda kilimani. Wote waliteremka Mtaa wa Chini, makwao. Nikasikia makomeo yakifungwa, moja baada ya jingine, kama mvua ikianza kwenye bati. Dakika tatu, mtaa ukawa kimya.

Nikashuka na kipande cha reli, nagonga kila chuma ninachokipita, nguzo, geti, pipa, napiga kelele mto, mto, tokeni. Nyumba kumi na moja nilizozifikia zilifungua. Zote kumi na moja. Watu hamsini na wanane walitoka na kupanda, wengine na sahani mikononi, na wapo hai, nimelala nao chumba kimoja cha darasa wiki tatu. Nyumba nyingine nilizigonga nikasikia watu ndani wakizuia pumzi. Kwa mjane wa mwokaji mtoto alianza kulia, kisha akazibwa mdomo. Niliusikia mkono ukimziba.

Tuta lilipasuka pale pale kwenye ufa. Maji yalinikuta kiunoni mlangoni kwa Mama. Niligonga chuma. Niliita. Nikasema ni mimi, ni mto, fungua. Akanijibu, mdogo wangu, alikuwa karibu kabisa nyuma ya ubao, sauti yake haikutetemeka. Hakuwa akisema na mimi. Alisema, "Mwacheni mwanangu. Mkimpiga sifungui, mkimwacha sifungui. Ana mdogo wake wizarani, amri yake inakuja." Nilipiga mlango kwa bega, kwa reli, kwa kichwa. Baba alivyoujenga unajua. Kisha ukuta wa maji ukafika, nikakutwa nimeng'ang'ania mlingoti wa taa na nyumba haipo.

Tulimpata siku ya tatu, kwenye mchanga wa bondeni. Fremu ya mlango ilikuwa hatua chache kutoka kwake, mlango ndani yake, komeo bado limefungwa.

Nyumba zile kumi na moja sikuwasomea barua yako. Nilimsomea mtu mmoja.

Sikulaumu kwa bastola. Mimi pia nilimwambia Miwani ni cha kuua panya. Nakulaumu kwa maneno "waziri amelikubali." Ungeniandikia "wamekataa, naogopa," ningetembea na mkono mmoja. Nilikuwa na siku tisa. Kwa mwendo wangu wa nyumba moja moja nisingezimaliza zote, najua kuhesabu. Lakini Mama nilikuwa nimeshamfundisha chuma, kabla ya nyumba zile kumi na moja.

Wafu tuliowapata mpaka jana ni mia mbili na sita. Mpango wa Mto una kurasa mia mbili na kumi. Zimebaki nne, na bado tunachimba.

Majina yao yapo kwenye karatasi zilizoambatanishwa, kwa wino, kila mmoja na nyumba yake. Kwenye kikao kijacho utayaweka ajenda namba moja, juu ya kiti, juu ya keki, na utayasoma kwa sauti mbele ya mheshimiwa wa jagi, yote, ukiwa umesimama. Sijui watakufanya nini. Ukishayasoma niandikie. Kama hukuyasoma, usihangaike kuandika, karatasi yako huku tutaiwashia moto.

Nguzo imekwenda na maji. Jana nimechimbia gogo jipya na kulichoma mistari kwa ncha ya reli. Vipimo vya leo: saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mstari wa njano, unaotangulia mwekundu. Saa sita mchana, njano. Saa kumi jioni, juu ya njano, yanapanda, na mbingu ya juu imefunga.

Msoma mto